Nusu Inchi

Nyumbani nimeaga naenda kikoba.
Mkobani mna viatu vya ibada, vile vya soli ya ngozi,
na noti ya elfu tano nimeikunja mara nne
kama mtu anayeficha dawa.

Ukumbi uko ghorofani, juu ya duka la pembejeo;
ngazi zinanuka mbolea.
Sakafu ni saruji nyekundu, wameisugua kwa mshumaa
hadi taa zinaonekana chini ya miguu yetu.
Tuko kumi na watatu,
kwa hiyo kila Jumatano mmoja anacheza na kiti.

Mwalimu Tumsifu hana kipaza sauti, ana viganja.
"Wanaume mbele, kushoto. Wanawake nyuma, kulia."
Nyuma? Mimi?
Miaka thelathini nimekanyaga pedali ya cherehani
kwenda mbele, mbele tu,
hata mshono ukikosewa naufumua nikiutazama usoni.
Sasa naambiwa nirudi kinyumenyume, bila kugeuka,
niamini kwamba mtu mwingine ameuona ukuta.

Mimi ni fundi Ndeonasia wa Majengo.
Mji huu wa Moshi naujua kwa futi.
Nakijua kiuno cha mchungaji kabla ya Krismasi, na baada.
Namjua bibi harusi aliyetaka gauni lipanuliwe wiki ya mwisho,
nami nikabana pini mdomoni, nikanyamaza.
Mabega, vifua, mapaja, yote nimeyaandika
kwenye daftari la mistari, kwa penseli,
maana watu hubadilika.
Daftari lile halina ukurasa wangu.
Baba Ndeshi alihamia Kahama kwenye dhahabu;
zilikuja salamu, kisha hata salamu zikaisha.
Na fundi hajipimi. Mkono unapanda mgongoni
na pale katikati, chini kidogo ya shingo, unakwama.

Hapo hapo ndipo kiganja cha mtu kilipotua.

Wiki ya kwanza nilikauka kama kitambaa kilichotiwa wanga.
Wiki ya pili nilimkanyaga kijana wa benki; akasema si kitu,
macho yake yakasema ni kitu.
Wiki ya tatu mvua. Tulikuja wanne, kiti kikapumzika.

"Pole... pole... haraka-haraka," mwalimu anahesabu.
Mama Makundi, aliyefundisha Hisabati hadi sauti ikakwaruza,
anacheka: "Sisi tulilelewa kwamba haraka haraka haina baraka."
"Hapa inayo," anasema Tumsifu, "ila isiitangulie pole."

Leo nimepangiwa Bwana Mfinanga,
aliyepima miwa kiwandani hadi akastaafu.
Wanawake wote wanamlalamikia: anayumba, anachelewa,
anawavuta upande kama mkokoteni wenye pancha.
Ameshaambiwa asikilize muziki.
Anausikiliza. Ukosi wake umelowa kwa kusikiliza.

Nami nalikumbuka daftari:
*Mfinanga, suruali tatu, kijivu.
Mguu wa kushoto, punguza nusu inchi.*
Hakuwahi kuniuliza kwa nini suruali za kwangu tu
haziburuzi vumbi. Nami sikuwahi kusema.

Basi hatua yake ya kushoto naisubiri.
Si sana. Nusu inchi ya muda,
upana wa pindo.
Moja. Mbili, na kidogo, tatu.
Kiganja chake, pale nisipopafikia,
kinaacha kuomba radhi.
Tunaupita mlango, tunakipita kiti, tunalipita dirisha
ambako mlima umevuliwa wingu bega moja tu
kama mtu anayejaribisha koti.
Ukuta unakuja.
Sigeuki.

"Mnaona!" mwalimu anapiga makofi.
"Bwana Mfinanga, umefanya nini?"
"Hata sijui," anasema.
Namwacha asijue.

Nyumbani Ndeshi anachambua mchele.
"Mama, kikoba kimeendaje?"
"Nimenunua hisa."
Nafungua daftari, ukurasa mweupe,
naandika jina langu juu, kwa penseli.
Kisha namkabidhi futi, namgeuzia kisogo.
"Nipime mgongo."
"Wa nini?"
"Wewe pima."